Forester ya kazini: nguvu ya Nairobi inayovumilia joto la Mombasa

Januari

Gari ni Subaru Forester SG5 ya mwaka 2006. Injini ni EJ205 ya lita 2.0, turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) ni TD04 ya Mitsubishi, na giaboksi ni ya mkono yenye gia tano. Huko Japani ilitoka kiwandani ikiandikiwa nguvu za farasi 220. Ni Forester zile zile unazoziona kila asubuhi Thika Road, zilizoingia Kenya kabla ya kufikisha miaka minane ambayo sheria inaruhusu kwa gari lililotumika nje. Kwa nini Subaru? Aliyekuwa na akili zake mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally na Impreza, hawezi kuuliza swali hilo.

Hili ndilo gari langu la pekee. Linanipeleka kazini, linapeleka watoto shule, linabeba mchele wa mwezi na mtungi wa gesi, na mwisho wa mwaka linatushusha Mombasa. Kwa hiyo sharti la kwanza la mradi liliwekwa na Mama Neema kabla sijamaliza kueleza: likilala gereji wiki mbili, mradi umekufa.

Ninachotaka ni nguvu za farasi kama 250 kwenye injini, kwa turbo ile ile na pistoni zile zile. Injini haifunguliwi. Petroli ni ya pampu yoyote nitakayoikuta njiani, hata ya Mtito Andei usiku. Wanaoniuliza kwa nini nisiweke turbo kubwa, jibu ni kwamba saa kumi na mbili na nusu asubuhi mimi niko Waiyaki Way kwenye gia ya pili nyuma ya matatu. Pale turbo kubwa ni mzigo wa chuma unaosubiri kasi isiyokuja. TD04 ni ndogo, inaamka mapema, na kwa gari la kila siku hiyo ndiyo sifa yenyewe.

Februari

Kabla ya kununua hata klipu moja, tumepima kompresheni, yaani shinikizo ambalo kila silinda inajenga. Fundi alitoa plagi zote nne (kwa injini hii iliyolala pande mbili, kazi hiyo huanza kwa kuondoa betri na kisanduku cha kichujio cha hewa), akafunga geji, akazungusha injini. Tulipata 126, 124, 127 na 123 psi (paundi kwa inchi ya mraba). Akatikisa kichwa.

"Mkubwa, injini imechoka. Kitabu kinataka zaidi ya hapa."

Kitabu kimeandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na hewa ya hapa ina shinikizo la psi 12 hivi badala ya 14.7 ya Mombasa. Silinda inayoanza na hewa pungufu haiwezi kumaliza na shinikizo lile lile. Injini inayopima 150 kule chini, hapa itasoma kitu kama 123, nayo ni nzima kabisa. Najiuliza ni injini ngapi za mji huu zimetolewa na kubadilishwa kwa sababu ya hesabu hiyo tu. Kinachostahili kuangaliwa ni tofauti kati ya silinda na silinda, na hapa zote ziko karibu karibu. Tukapima pia uvujaji kwa kusukuma hewa ndani ya kila silinda: hakuna inayopumua kwenye ekzosi wala kwenye kreki (sehemu ya chini ya injini yenye shafti kuu). Injini imepita.

Kisha kipimo ambacho naona kila mwenye gari la turbo angepaswa kukifanya kila mwaka, maana hakigharimu chochote. Chukua kifuniko cha bomba la maji la PVC, toboa, funga valvu ya tyubu, kaza mahali pa kuingilia hewa ya turbo, kisha jaza upepo taratibu hadi psi 15 na upake maji ya sabuni kila kiungo. Mapovu yalitoka sehemu mbili: mpira unaounganisha intakula (kipoza hewa iliyobanwa na turbo) na throto (mlango wa hewa ya injini), na gasketi ya valvu ya kurudisha hewa. Vyote viwili havionekani kwa macho. Turbo inayovuja hivi huzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia busti (shinikizo la turbo) ile ile, hewa inatoka moto zaidi, na dereva anahisi tu gari limekuwa zito.

Kuhusu hiyo valvu: vijana wa estate wananiuliza kila mara kwa nini nisiweke ile ya kutoa hewa nje, inayolia pshhh ukiachia pedali. Kwenye Subaru hii, sensa ya hewa iko mbele kabisa, kabla ya turbo. Hewa ikishapita pale imeshahesabiwa, na kompyuta imeshaandaa petroli yake. Ukiimwaga nje, petroli inabaki bila hewa, moto unakuwa mzito, na plagi zinajaa masizi. Valvu ya kiwandani inairudisha ndani kimya kimya. Kelele nzuri naziachia matatu za Rongai.

Mwisho wa mwezi

Oili. Hapa nimetumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na sina haraka ya kupita.

Turbo ya gari hili inalishwa oili kwa bomba jembamba linalotoka nyuma ya hedi (kichwa cha silinda) ya kulia, na ndani ya bolti yake kuna wavu mdogo wa kuchuja. Oili ikikaa muda mrefu kuliko inavyopaswa, inageuka matope, na matope yanakwama kwenye wavu huo. Geji ya oili kwenye dashibodi haitasema kitu, maana injini nyingine yote inapata oili yake. Turbo pekee ndiyo inayokaushwa, polepole, hadi siku shafti yake inapoanza kulia kama filimbi. Tukafungua bolti. Wavu wangu ulikuwa umefunikwa nusu kwa utando mweusi mgumu, urithi wa aliyekuwa nalo kabla yangu. Tumeweka bolti mpya na washa mpya za shaba, na tumesafisha bomba. Wako wanaoutoa wavu kabisa na kuacha tundu wazi. Mimi nimeurudisha, kwa sharti kwamba oili itamwagwa kila kilomita 5,000 bila kujali kopo linaahidi nini.

Nimechagua 5W-40 sintetiki. Nainunua kwenye kituo cha mafuta chenye risiti, si kwa bei ya kutupa barabarani, kwa kuwa makopo yaliyojazwa upya ni mengi mno mjini. Kila Jumamosi asubuhi, kabla injini haijawashwa, naangalia kijiti. EJ yenye turbo inakunywa oili kidogo hata ikiwa nzima, na ikipungua lita moja halafu uchukue kona ndefu kwa kasi, pampu inavuta hewa. Beringi za kreki hazisamehe. Injini nyingi za aina hii ambazo watu husema zimekufa kwa sababu ya turbo, zilikufa kwa kiu.

Mkanda wa taimingi, pampu ya maji, themostati na vipuli vyote vya kukaza mkanda vimebadilishwa kwa pamoja. Aliyeniuzia gari aliapa kwamba mkanda ulishabadilishwa, lakini hapakuwa na karatasi. Kwenye EJ205 mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni, na maneno ya mdomo hayazuii hilo. Themostati nimechukua ya Subaru yenyewe baada ya kuzunguka Kirinyaga Road nusu siku. Ya bei rahisi hufunguka kidogo mno. Rejeta imesafishwa, kulanti halisi imewekwa badala ya maji ya bomba, na hewa ikatolewa kwa subira kupitia tangi la juu, gari likiwa limeinuliwa pua.

Machi

Masika yameanza. Hewa baridi, nzito, na gari lililozibwa mivujo yake linavuta kama lilipewa dawa. Sijagusa kompyuta bado. Rafiki yangu wa kazini aliliendesha hadi Ngong na akaapa nimeweka kitu.

Breki zimefanywa mwezi huu: diski za mbele, pedi, na maji ya breki mapya pande zote. Matairi manne mapya pia. Sina la kusimulia zaidi ya kwamba hivi vimetangulia nguvu, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mei

Joto la hewa ndiyo habari kubwa ya mradi huu, na nashangaa jinsi linavyozungumzwa kidogo kuliko busti.

Intakula ya Forester inalala juu ya injini, chini ya lile tundu la kwenye boneti. Ukiwa mwendoni ni mahali pazuri: njia ya hewa ni fupi, turbo inajibu haraka. Ukisimama kwenye msongamano, inakaa juu ya jiko. Ubaya mwingine ni kwamba sensa ya joto la hewa iko pamoja na sensa ya hewa, kabla ya turbo. Kompyuta inajua hewa inayoingia kwenye kichujio ina nyuzi 26. Haijui kabisa hewa iliyotoka kwenye intakula, ile inayoingia silindani, ina nyuzi ngapi.

Kwa hiyo nimefunga sensa yangu baada ya intakula, na geji ndogo pembeni ya redio. Asubuhi ya kwanza yenye msongamano mzito Mombasa Road, geji ilipanda hadi nyuzi 67 huku kompyuta ikiamini mambo ni baridi. Barabara ilipofunguka ilichukua kama dakika mbili za mwendo kushuka hadi 40. Dakika mbili hizo ndizo zinazovunja pistoni: mtu ametoka kwenye foleni amekasirika, anakanyaga pedali hadi chini, hewa ni moto, petroli ni ya kawaida, na mchanganyiko unalipuka kabla ya cheche kumaliza kazi yake. Huku ndiko kugonga ninakokuzungumzia katika shajara hii; si ule mlio wa beringi iliyokwisha. Kugonga mara nyingi hakusikiki ndani ya gari. Kunachonga taratibu kingo nyembamba kati ya ringi za pistoni, na kwenye EJ silinda ya nne ndiyo huumia mara nyingi zaidi.

Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi hadi nikacheka. Kati ya tundu la boneti na intakula kuna kola ya sponji inayoelekeza upepo upite katikati ya mapezi. Yangu ilikuwa imekauka na kubomoka, hivyo upepo ulikuwa unazunguka pembeni. Fundi wa viti vya magari alinikatia sponji nzito kwa kipimo, tukaibandika, na joto la mwendoni likashuka nyuzi 6 pale pale.

Dawa ya pili ni intakula ya mtumba kutoka STI (Subaru ya toleo la kasi), ya juu vile vile lakini nene zaidi. Haikai moja kwa moja: mdomo wa TD04 una pembe tofauti, kwa hiyo ilihitaji kiungo cha mpira wa silikoni na mabano mapya. Nilifikiria kuweka intakula ya mbele, nyuma ya bampa. Inapoza vizuri zaidi, hilo sibishi. Lakini inaongeza mabomba marefu, viungo vingi vya kuvuja, inaziba hewa ya rejeta, na matuta ya mitaa yetu yana njia yake ya kukutana na kitu chochote kilicho chini. Kwa nguvu 250 haihitajiki.

Nimeongeza pia kopo la kunasa mvuke wa oili unaotoka kwenye kreki. Mvuke huo ukirudi kwenye hewa ya kuingia, unapunguza uwezo wa petroli kuvumilia shinikizo, na petroli yetu haina uwezo wa kugawa.

Julai

Ramani ya kompyuta, yaani majedwali ambayo kompyuta ya gari inayafuata kuendesha injini.

Hii gari ilipangwa Japani, ambako kiwango cha taifa kinataka petroli ya daraja la juu isipungue okteni 96 (kipimo cha petroli kuvumilia shinikizo bila kugonga), na inayouzwa huko kwa kawaida huzidi hapo. Ya pampu zetu haifiki. Kwa hiyo hata kabla ya kutafuta nguvu yoyote, ramani ya kiwandani ilikuwa inaomba taimingi (wakati wa kutoa cheche) ambayo petroli ya hapa haiwezi kubeba. Kompyuta ya Subaru si mjinga: ina sensa ya kusikiliza kugonga na inarudisha cheche nyuma. Pia inajifunza, inaweka kumbukumbu ya sehemu ambazo iligonga, na ikizidi inashusha kizidishi cha taimingi yote. Kwenye kompyuta yangu kizidishi hicho kikiwa sawa kinasoma 1.0. Nilipochomeka kebo ya Tactrix, inayounganisha kompyuta mpakato na ya gari, na kufungua programu ya RomRaider mara ya kwanza, kilikuwa 0.75. Gari lilikuwa limeishi hivyo, labda kwa miaka, na kila mtu akidhani ndivyo lilivyo.

RomRaider ni programu huria na EcuFlash, ya kupakia ramani, hupatikana bure, kwa hiyo gharama kubwa ni kebo na muda wa mpangaji ramani. Nimemtafuta anayekubali nikae pembeni na kuona. Tukafunga sensa ya oksijeni aina ya waidibendi (ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli), plagi za hatua moja baridi zaidi zenye pengo la milimita 0.7, injekta zilizosafishwa na kupimwa mtiririko, na pampu mpya ya petroli. Kisha daunpaipu (bomba la ekzosi linalotoka kwenye turbo) ya inchi tatu yenye katalisti (kisafisha moshi) yake. Hii ilifungwa asubuhi ya siku ile ile ya ramani, kwa makusudi. TD04 ina westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbo ili busti isizidi) ndogo. Ukiifungulia ekzosi, busti inapanda yenyewe kupita ilikoagizwa. Anayefunga daunpaipu leo akisubiri mshahara ujao ndipo apange ramani, anaendesha mwezi mzima gari ambalo hakuna aliyelihesabu.

Sasa jambo la mwinuko, ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi yote.

Kompyuta hii haiwazi kwa namba ya geji ya busti. Inawaza kwa shinikizo kamili, yaani hewa ya nje pamoja na ile ya turbo, na ina jedwali linalopunguza lengo pale hewa ya nje inapokuwa nyepesi. Sababu ni turbo. Kupata psi 14 juu ya hewa ya Nairobi, turbo inabidi ibane hewa mara 2.17. Kupata psi 14 Mombasa, inabana mara 1.95 tu. Kazi ya kwanza inaizungusha kwa kasi zaidi na kuipasha moto zaidi, kwa geji inayosoma namba ile ile. Ndiyo maana gari la kiwandani hujizuia hapa juu.

Wengi huondoa kizuizi hicho kwa valvu ya mkono ya shilingi elfu chache, ile ya springi na skrubu. Springi haijui mwinuko. Ukiikaza psi 14 Nairobi, silinda zinapata shinikizo kamili la 26. Ukishuka nayo Mombasa bila kugusa skrubu, geji bado inasema 14 lakini silinda zinapata 28.7. Umeongeza hewa kwa asilimia kumi, katika joto la nyuzi 33, ukiwa umebeba watu watano na mizigo juu ya paa. Kisha watu wanasema Mombasa inaua Subaru.

Tukabaki na udhibiti wa kompyuta. Lengo la Nairobi ni psi 13.5 katikati, likishuka hadi 11 kuelekea raundi 6,000 kwa dakika, maana TD04 ikifika huko imeishiwa pumzi na kinachotoka ni joto. Chini ya raundi 3,000 tumezuia busti isipande yote, hasa gia ya nne na ya tano. Msukumo mkubwa katika raundi za chini ndio unaopinda vyuma na kumega meno ya giaboksi hii ya gia tano, na hauongezi raha yoyote. Mchanganyiko wakati wa mzigo kamili ni hewa 11.2 kwa petroli 1, kwa uzito. Taimingi iliwekwa kwa petroli ya kawaida kabisa, tangi lililojazwa pampu ya karibu na gereji, bila chupa ya dawa ya okteni. Mpangaji alikuwa na digrii 2 zaidi mkononi. Nimemwomba aziache.

Mivuto yote ya pedali chini ilifanywa kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari). Barabara ya umma ina akina mama wenye mikokoteni na bodaboda wasio na taa. Si mahali pa kupimia gia ya tatu.

Agosti

Karatasi ya daino imekuja na mabishano. Inasema nguvu za farasi 238 kwenye magurudumu. Nikauliza kama kuna marekebisho ya mwinuko yaliyowekwa. Yalikuwepo: mashine ilikuwa inazidisha kwa karibu 1.2 ili kufidia hewa ya Nairobi. Marekebisho hayo yalitungwa kwa injini zisizo na turbo, ambazo kweli hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu hapa juu. Injini ya turbo inayodhibitiwa kwa shinikizo kamili imeshajifidia sehemu kubwa yenyewe. Ukiifidia tena kwenye karatasi unajipa farasi wa bure. Bila marekebisho namba ni kama 198 kwenye magurudumu, na kwa gari la magurudumu manne yanayovuta, hiyo inanipeleka karibu na pale nilipopalenga kwenye injini. Nimebandika karatasi isiyorekebishwa ndani ya droo ya gari. Ile nyingine nimemwachia mwenye daino, inapendeza ukutani.

Septemba hadi Novemba

Kazini, shule, soko. Kizidishi 1.0. Petroli inatumika kidogo pungufu kuliko zamani kwa mwendo ule ule, pengine kwa sababu taimingi haivutwi nyuma kila mara. Oili ilimwagwa ikiwa na rangi ya chai ya rangi, siyo lami. Kijiti kinashuka nusu ya alama kwa kilomita elfu mbili hivi, na hilo nalikubali.

Kola ya sponji imeanza kuachia upande mmoja. Gundi ya viti haipendi joto. Imebandikwa upya kwa gundi ya vioo vya gari.

Desemba: kushuka

Huu ndio mtihani niliokuwa nausubiri. Watu watano, mabegi, na galoni la maji. Kompyuta mpakato ilikuwa chini ya kiti cha mbele ikirekodi. Mama Neema aliruhusu kwa ahadi kwamba sitaiangalia nikiendesha.

Kutoka Mlolongo hadi Emali hakuna la kusema. Baada ya Kibwezi joto la nje linapanda, na tangu Mtito Andei unahisi kabisa gari linazidi kuwa jepesi mguuni. Si ndoto: kila mita mia unazoshuka, hewa inaongezeka. Voi tulijaza petroli kwenye kituo nisichokijua, kwa makusudi. Mariakani geji ya joto la nje ilisoma nyuzi 34. Malori yalikuwa yamejipanga.

Jioni ile, watoto wakiwa wamelala, nilifungua rekodi. Kizidishi kilikuwa bado 1.0. Lakini katika kumbukumbu ya kujifunza palikuwa na alama: kati ya raundi 2,800 na 3,600, mzigo mkubwa, kompyuta ilikuwa imerudisha taimingi digrii 1.4. Hiyo ndiyo hasa sehemu ya kupita lori kwenye gia ya nne ukiwa umejaza gari. Nairobi sehemu hiyo ilikuwa safi kwa miezi mitano. Hewa baada ya intakula ilifika nyuzi 58 tukiwa mwendoni, dhidi ya 43 za kawaida nyumbani.

Digrii 1.4 si msiba. Kompyuta ilifanya kazi yake. Lakini sensa ya kugonga husikia baada ya kugonga kutokea, na sikutaka ulinzi wa injini uwe ni kupigwa kwanza. Nilimtumia mpangaji rekodi. Jibu lake lilikuwa jedwali jipya lenye mambo mawili: taimingi digrii 2 chini katika sehemu ile, na lengo la busti psi 1 chini pale hewa ya nje inapozidi psi 14, yaani usawa wa pwani. Nikaipakia nikiwa nimekaa kivulini Nyali, injini imezimwa, betri imeungwa chaja. Anayepakia ramani kwa betri dhaifu anaweza kuishia na gari lisilowaka kabisa, mbali na nyumbani.

Kurudi, kilima cha Mazeras saa nne asubuhi, malori mbele na mbele yake malori mengine. Gia ya nne, gia ya tatu, pita, rudi, tena na tena. Joto la maji lilikaa kati ya 92 na 96. Kumbukumbu ya kujifunza ilikuwa sifuri mstari mzima. Nguvu iliyopotea kwa psi moja ile sikuihisi, wala abiria yeyote hakuihisi. Kule chini hewa nene inairudisha.

Januari tena

Ramani ya pwani ndiyo ramani ya kudumu sasa, hata nikiwa Nairobi. Jedwali la mwinuko linashughulikia tofauti lenyewe. Mpangaji anasema angeweza kunitengenezea ya pili, kali zaidi, ya kutumia hapa juu tu. Nimekataa. Gari halijui kama leo naenda Westlands au kesho asubuhi nimepigiwa simu ya msiba Kilifi.

Yaliyobaki: klachi ya kiwandani imeanza kuteleza kidogo kwenye gia ya nne nikipanda mlima na mzigo, raundi zikienda mbele ya mwendo. Nimeagiza seti nzima pamoja na beringi yake na sili ya nyuma ya kreki, maana giaboksi ikishashuka ni upuuzi kuirudisha na sili ya zamani. Mipira ya petroli juu ya manifoldi inabadilishwa siku hiyo hiyo. Imekuwa migumu, na asubuhi za baridi nasikia harufu. Fundi ameomba Ijumaa na Jumamosi. Jumatatu nina shule ya saa moja.